Alifanya Kazi: Maisha ya Marehemu Escolastica Manalaysay Pascual

Karatasi mliyopewa pale mlangoni ina mistari tisa juu ya marehemu. Mstari wa tano unasema, "Aliwahi kuishi Manila kwa muda." Yanayosomwa sasa ni maisha yake kama yalivyoandikwa kabla hayajapunguzwa. Anayasoma Remedios, binti wa kaka yake, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliomba yasomwe. Mnaombwa radhi kwa jua, na mnaombwa mvumilie.

Escolastica Manalaysay Pascual, ambaye nyumbani tulimwita Takang, alizaliwa hapahapa Sulucan, Bocaue, mkoa wa Bulacan, siku ya Ijumaa tarehe 10 Februari 1905. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, ndiyo maana akapewa jina refu hivyo. Mwenyewe alikuwa akisema linamfaa mtawa, si mtu wa kukuna nazi. Baba yake, Policarpo, alikuwa mlinzi wa mabwawa ya samaki. Mama yake, Braulia, alishona makuti ya kuezekea. Waliokua ni watoto wawili tu, Anselmo aliyemtangulia kwa miaka minne, na yeye. Mama yao alifariki Escolastica akiwa na miaka tisa. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyempikia kaka yake wali, akisimama juu ya kibao ili aifikie sufuria. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi, nalo ni kweli.

Alisoma shule ya msingi hapa Bocaue kuanzia mwaka 1912 hadi 1918, darasa la kwanza hadi la sita. Mwalimu wake, Dorotea, alimsimamisha kila Ijumaa asome mbele ya wenzake, maana alikuwa akisema uso wa Takang unasoma kabla ya mdomo wake. Alitaka kuendelea. Baba yao akasema msichana akijua kusoma barua inatosha. Akakaa nyumbani, akafua nguo za watu mtoni.

Kazi yake ilimkuta hukohuko mtoni, Aprili 1922, akiwa na miaka kumi na saba. Watu wa sinema walitoka Manila na kamera yao ya kuzungusha kwa mkono, wakasimama pale darajani. Walitaka mwanamke aruke majini. Yule waliyemleta alikataa, akasema ametoka kuosha nywele. Mwongozaji akatazama huku na huku, akamwona Escolastica na beseni lake.

"Wewe dada unayefua, unajua kuogelea?"

"Nisingejua ningefulia kisimani."

Akaruka. Mpini wa kamera ukakwama. Akaruka tena, ukakwama tena. Mara ya tatu akawaambia, "Hii ndiyo ya mwisho, mabwana. Nguo za watu hazijakauka." Wiki mbili baadaye walirudi kumtafuta, na baba yake alimruhusu. Mzee Policarpo alimruhusu, jamani. Watu wanaosema alitoroka nyumbani hawakuwepo, na mmoja aliyekuwepo ameliacha neno hilo litembee miaka hamsini na saba.

Alifanya filamu kumi na nne, kuanzia Aprili 1922 hadi Machi 1933. Ni miaka kumi na moja. Kwenye mabango walimwita Lucila Amor, kwa sababu jina lake halikuenea. Filamu zile zilikuwa bubu. Watu walitazama, na mpiga fidla alikaa chini ya pazia la kuonyeshea picha akapiga. Vijana wa leo wanadhani ilikuwa kazi ya kukaa na kurembua macho. Walipigia picha juu ya paa la nyumba moja Tondo, mtaa wa Manila, saa sita mchana, maana mwanga waliokuwa nao ulikuwa wa jua tu. Wanaume wawili walishika mabati wakamrudishia jua usoni. Alipakwa unga wa mchele mpaka shingoni. Jioni macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu kutwa, akalala na majani ya chai yaliyolowa juu ya kope. Mwaka 1925, kwenye matope ya Malabon, nyati wa kulimia alimkanyaga mguu wa kushoto. Alimaliza kwanza kutabasamu, kwa sababu kamera ilikuwa bado inazunguka, kisha ndipo akautazama mguu. Kidole cha mwisho kilikatwa. Watu wakimuuliza habari za kidole hicho alikuwa akijibu, "Mimi nilifanya kazi. Nyati ndiye alicheza."

Kuna jambo moja la kazi yake alilopenda kulisimulia. Katika filamu ya mwaka 1924 alikuwa mgonjwa anayekata roho mikononi mwa mchumba wake. Ukumbini watu walilia, isipokuwa mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyecheka mpaka akashika mbavu. Wakamkemea, hakusikia. Alikuwa dobi wa Tondo, jina lake Quintina, kiziwi tangu utotoni. Onyesho lilipokwisha alimngoja Escolastica mlangoni na binti yake wa kumsemea.

Binti akasema, "Mama anauliza, ulikuwa unakufa au ulikuwa unagombana?"

"Nilikuwa ninakufa, mwanangu. Kwani vipi?"

"Mama anasoma midomo. Anasema ulimwambia yule bwana, 'Toa kiwiko chako mbavuni kwangu, na kesho uoge.'"

Escolastica aliona haya mpaka masikioni. Ni kweli ndivyo alivyosema, nani angesikia? Lakini tangu siku hiyo hakusema tena ovyo mbele ya kamera. Akiwa mama, alisema maneno ya mama. Akiwa anakufa, alisali kwelikweli, Baba Yetu yote, tangu mwanzo mpaka amina. Wenzake walimcheka: "Takang, unamsalia nani? Hakuna sauti." Akawajibu, "Yupo mmoja mstari wa mbele anayesikia." Nadhani alikuwa na wawili akilini.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1926 alitokea kwenye filamu akiwa mke anayemwekea mama mkwe sumu. Ilipofika Bocaue, muuza mchele mmoja pale sokoni, naye ametangulia mbele ya haki, alimnyima mchele.

"Siuzi chakula kwa mtu aliyemwua mkwewe."

"Mama, yule mkwe nimekula naye leo mchana."

"Basi sumu yako ni ya polepole."

Hilo alilisimulia akicheka. La Mei 1927 hakulisimulia akicheka. Alikuwa amechaguliwa kuwa Malkia Elena, yule anayetembea mwisho katika maandamano ya Mei na kuubeba msalaba mdogo. Alikuwa ameshona gauni mwenyewe, mikono yote kwa kitambaa cha nyuzi za nanasi, ushanga mmoja mmoja. Siku tatu kabla, akina mama wa kamati wakasema mwuaji hawezi kushika msalaba. Walisadiki pazia. Walimjua tangu anafua nguo zao, lakini wakasadiki pazia. Aliyefuta jina lake kwenye orodha alikuwa mwenyekiti wa sherehe, Anselmo Manalaysay, kaka yake. Alipoulizwa alisema, "Amecheza huko, asije kucheza na huku." Hajawahi kuingia kwenye sinema hata siku moja. Hadi leo, mzee huyo hajaona hata filamu moja ya dada yake. Mabati ya nyumba anayolala, ambayo ni yaleyale mpaka sasa, yalinunuliwa kwa fedha za filamu hizo.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Huyu kwao hakutunzwa, wala hakucheza.

Tarehe 3 Februari 1929 alifunga ndoa kanisani Tondo na Hilarion Pascual, mpiga fidla wa sinema, mtu mpole aliyempenda kwa kumtazama kutoka chini ya pazia miaka minne kabla hajathubutu kumsalimu. Anselmo hakuhudhuria. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Severino, mwaka 1930, akamchukua akiwa na miezi saba. Kisha filamu zikaanza kusema zenyewe. Zilitoka Marekani na sauti ndani yake, na ndani ya miaka miwili hivi mume akakosa kazi kwa kuwa fidla haikuhitajika, na mke akakosa kazi kwa kuwa kampuni ilifungwa. Hawakulalamika. Yeye alichukua sindano, mume akafundisha watoto wa watu.

Krismasi ya mwaka 1933 Escolastica alirudi Sulucan kupatana na kaka yake. Alikuja na keki za mchele zilizofungwa kwenye majani ya migomba, akapiga goti, akauchukua mkono wa kaka akaugusisha kwenye paji la uso wake kama tunavyofanya kwa wakubwa. Anselmo alimpokea. Tuseme haki, alimpokea, na walikula pamoja siku saba.

Miaka hiyo Anselmo alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Alitengeneza tarumbeta za mwaka mpya, zile tunazopuliza wote kila mwaka bila kuuliza zimetokana na nini. Zilitokana na filamu. Kampuni zilizofungwa ziliuza mikebe yao, nayo ikaja Bulacan kwa magunia. Filamu ilichemshwa kwa maji ya magadi mpaka picha zikatoka, ikabaki nyeupe kama kucha, ikakatwa, ikakunjwa, ikagundishwa. Zile za kuuza zilichemshwa vizuri. Za watoto wa nyumbani hazikuchemshwa.

Asubuhi ya tarehe mosi Januari 1934, Remedios, mwenye miaka minane, alikuja mbio jikoni akipuliza tarumbeta yake. Shangazi yake alikuwa akikuna nazi.

"Lete nione, Meding."

Akaipokea, akainusa, akaenda nayo dirishani, akaielekeza kwenye jua. Akaisogeza polepole mbele ya jicho. Remedios alidhani imeharibika.

"Shangazi, haisemi?"

"Inasema, mwanangu. Njoo uone."

Akamwonyesha. Ndani ya ule utepe mlikuwa na picha ndogondogo kama punje, zimepangana, na kila punje ilikuwa na mwanamke mmoja amelala, mkono kifuani.

"Ni wewe, Shangazi."

"Ni mimi. Hapa ninakufa. Nasali Baba Yetu. Ukiona mkono uko kifuani, nimefika 'utupe leo.' Nikifika 'utusamehe' ninaushusha." Akaigeuza tarumbeta mpaka mwisho wa utepe. Mkono haukushuka. Ulikuwa umekatwa kabla.

Anselmo akaingia kutafuta kahawa. Yaliyosemwa jikoni hapo Remedios anayakumbuka neno kwa neno, na ameyaungama kwa padre kwa kuwa ameyabeba kwa uchungu.

"Kaka, hizi ulizipata wapi?"

"Manila. Zilikuja na nyingine."

"Zote?"

"Mikebe kumi na kitu. Sikuhesabu."

"Ulijua ni zangu?"

Akamimina kahawa yake kwanza. "Jina lilikuwa juu ya mkebe, Takang. Mimi najua kusoma."

"Usingeniwekea hata mmoja?"

"Wa nini? Mchezo umekwisha. Na filamu yako ni ngumu, nzuri, haipasuki watoto wakiuma."

Escolastica aliifuta ile tarumbeta kwa kanga yake ya jikoni, akampa mtoto. "Puliza, Meding. Ni mwaka mpya." Na Remedios akapuliza. Alipuliza siku nzima, akizunguka kijiji. Analikiri hili mbele yenu na mbele ya jeneza, kwa sababu hawezi kuwa na hasira na wengine akajisahau. Na ninyi wa umri wake, mliopuliza mwaka ule hapa Sulucan, nanyi mlipuliza.

Zilikuwa filamu kumi na nne. Manila hakuna nakala, aliuliza. Cebu hakuna, Iloilo hakuna. Aliandika barua, majibu yapo. Jasho la miaka kumi na moja, macho, kidole, sala zote zile zilizosomwa na kiziwi mmoja peke yake, ziliishia vinywani mwa watoto na asubuhi ya tarehe mbili zikafagiliwa.

Hilarion aliuawa Manila katika vita, Februari 1945. Mjane akarudi Sulucan, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine, akaishi nyumba ya kaka yake. Alimpikia tena. Alimpikia miaka thelathini na minne, mpaka Septemba hii. Akashona kwa ajili ya kuishi, na kazi kubwa aliyoletewa ilikuwa kushona mavazi ya sanamu za watakatifu wa kanisa letu. Lile joho la buluu la Bikira mnalolibusu kila Mei ni la mkono wake. Gauni la kila Malkia Elena tangu 1946 ni la mkono wake, na kila mara alipiga magoti kumpima msichana wa watu urefu, pini mdomoni. Kamati haikuona neno. Mikono yake ilifaa, uso wake ndio haukufaa.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Juni mwaka huu. Miguu ilivimba, akawa halali chali, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Daktari alisema ni moyo. Alipokea mafuta ya wagonjwa tarehe 28 Oktoba. Akili yake ilikuwa nzima mpaka dakika ya mwisho, na utani pia. Padre alipomwambia ajiandae kumwona Bwana, alisema, "Nimejiandaa, Padre. Nitaomba tu asinirudishie jua usoni kwa bati."

Siku nne kabla hajafa alimwita Remedios akae kitandani.

"Meding, ile karatasi yangu utaiandika wewe?"

"Ukipona hatuandiki karatasi yoyote, Shangazi."

"Acha maneno ya wauguzi. Sikiliza. Msiandike nilicheza sinema. Andika nilifanya kazi."

"Si ni kitu kilekile?"

"Siyo. Baba yako miaka yote hii anasema nilicheza. Mtu akiulizwa dada yako alikuwa nani, 'Alichezacheza Manila.' Sitaki filamu zangu, zimekwenda. Sitaki aniombe radhi, atanichosha. Nataka hilo neno moja, nalo alitamke yeye. Kwamba nilifanya kazi."

"Umewahi kumwomba?"

"Kila mwaka mpya."

"Anasemaje?"

"Anasema nimpitishie kahawa."

Alifariki nyumbani siku ya Jumanne tarehe 6 Novemba 1979, saa kumi na moja na robo alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne na miezi tisa kasoro siku nne. Remedios alimfunga kidevu na kumfumba macho. Wasifu aliuandika siku ileile kurasa nne, akamkabidhi baba yake aupeleke kwa mpiga chapa. Umerudi mistari tisa.

"Baba, maneno yangu mengine yako wapi?"

"Karatasi ilijaa."

"Ilijaaje, na majina ya wote walioleta mashada yapo, mpaka diwani?"

"Hao wako hai, watasoma. Takang hasomi tena."

Remedios ni mtoto wa mzee huyu na anaijua amri ya nne. Ameirudia mara nyingi wiki hii. Inamwagiza amheshimu baba. Hakuona mahali inapomwagiza amsaidie kudanganya kaburini. Amesali apewe upole, na upole haujaja. Amesali apewe msamaha, akafika "kama sisi tunavyowasamehe," akaishia hapo. Padre anajua. Mungu anajua zaidi.

Marehemu ametanguliwa na mumewe Hilarion na mwanawe Severino. Ameacha kaka mmoja, Anselmo Manalaysay, mwenye miaka sabini na minane, aliyeketi mstari wa mbele. Ameacha wana watatu wa kaka yake, Remedios, Ruperto na Basilia, ambao aliwashonea nguo zote za komunyo, na wajukuu kumi na mmoja waliomwita Lola, yaani bibi. Kazi yake ya Manila haikuacha kitu cha kuonyesha, kwa hiyo mtalazimika kuamini mliyosikia.

Baba anaombwa, kwa heshima zote, asogee hapa kwenye jeneza aseme maneno mawili ambayo dada yake alimwomba tangu mwaka wa thelathini na nne. Si hotuba. Ni maneno mawili, nayo yamesomwa hapa zaidi ya mara moja, hawezi kusema hayajui. Wachimbaji wameambiwa wasishike kamba mpaka ayaseme. Padre amesema ana nafasi hadi misa ya jioni. Maji ya kunywa yapo kwenye ndoo ya buluu, na wazee wanaweza kukaa chini ya turubai.

Akishayasema tutamshusha Escolastica, naye apumzike kwa amani.

Baba, tafadhali simama.